Helmeti Iliyofungua Uso

Shemeji yangu Koinet alikuwa na kichwa kigumu, na hilo nalisema kama mtu aliyekipima kwa futi ya kushonea, kuanzia paji la uso, kuzunguka kisogo, hadi kurudi nilikoanzia. Alikuwa bwana mifugo msaidizi. Kazi yake ilikuwa kuchanja ng'ombe, na aliifanya kwa pikipiki ya ofisi kutoka Karatu hadi huko Loliondo ambako barabara yenyewe ni ya kubahatisha. Alizaliwa huko huko Loliondo, kijijini Arash. Baba yake alifariki mapema, akalelewa na mdogo wa baba, Mzee Tajewo. Serikali ilipotaka kila boma litoe mtoto wa kwenda shule, mzee alimtoa huyu kwa sababu, kama Koinet mwenyewe alivyozoea kutusimulia huku akicheka, ndiye aliyekuwa akipoteza ndama.

Akasoma, akapata cheti, akaletwa Karatu, akamwona mdogo wangu Leonida akitoka misa ya pili. Sisi ni Wairaqw. Babu zetu na babu zake walijuana kwa mikuki tu, na posa ilipoletwa nyumbani baba yetu alinyamaza mpaka chai ikapoa. Mwishowe akasema kijana akiweza kula mboga za majani bila kukunja uso, amchukue. Koinet akala, akaomba aongezewe. Ndivyo nilivyopata shemeji Mmasai, na sijamwona mwanamume mwingine anayetaniwa akafurahi kama yule.

Mimi ni Marsela, fundi cherehani. Cherehani yangu ilikaa barazani pa duka la vitambaa, kando ya barabara kuu ya kwenda Ngorongoro, na lolote lililokwenda kreta lilipita mbele yangu na kuniachia vumbi lake jekundu. Nimeona mengi pale. Kwa hiyo nikisema kwamba kitu fulani kilinishangaza, naomba nisikilizwe.

Taabu ilianza na masikio. Ndewe za Koinet zilitobolewa utotoni na kuvutwa kwa vijiti, kwa desturi yao, hadi zikaning'inia karibu na mabega. Akiwa kazini alizikunja juu ya sikio, kama mtu anavyokunja kamba ya ndoo, zisije zikanaswa na pembe ya ng'ombe au tawi la mgunga. Zilimpendeza. Leonida alizishonea shanga kwa mkono wake. Lakini ofisi ilipompa helmeti, ile nyekundu ya kufunika kichwa chote na uso wote, ndewe zikawa adui. Akizikunja, masikio yanavimba na kichwa hakiingii. Akiziachia, kichwa kinaingia, ila siku ya kuvua ni kilio. Mara moja aliivuta kwa haraka, ndewe ya kushoto ikachanika pembeni, damu ikachuruzika hadi kwenye kola ya shati nililomshonea mimi. Tangu siku hiyo akiivaa Karatu aliivulia Loliondo, na akiivaa Loliondo aliivulia Karatu.

Ilikuwa mwaka wa themanini na tatu. Sotoka, ule ugonjwa wa ng'ombe ambao wazee waliusimulia kwa sauti ya chini, ulikuwa umerudi. Nyati walikuwa wakionekana wamelala porini na mainzi machoni. Mfugaji ambaye sotoka imepita bomani kwake habaki na kitu, anabaki na fimbo. Koinet alikwenda mbio boma hadi boma na boksi la dawa ya chanjo limefungwa nyuma ya pikipiki, barafu ikiyeyuka ndani, na boma alilolitaka kuliko yote lilikuwa la Mzee Tajewo. Ng'ombe wale ndio waliomlisha. Isitoshe, majirani wote wa upande ule walikuwa wakimwangalia mzee. Asipotoa ng'ombe wake, hakuna atakayetoa.

Sasa, kwao salamu si maneno tu. Mtoto akifika mbele ya mkubwa huinamisha kichwa, na mkubwa huweka kiganja juu ya utosi. Hapo ndipo mtoto amefika. Koinet alikuwa mtu mzima, ana mke na mwana, lakini mbele ya mzee aliyemlea aliinamisha kichwa vilevile kama zamani, na wala hakuona aibu. Siku ile alifika Arash jua likiwa kali, barafu imebaki vipande, akili yake yote iko kwenye dawa. Akashuka na helmeti yake kichwani, akaenda moja kwa moja kwa mzee, akainama.

Mzee akanyoosha mkono. Kiganja kikatua juu ya plastiki yenye joto na vumbi.

Koinet alitusimulia haya mezani kwa Leonida, na hakuwa akicheka. Alisema mzee aliuacha mkono pale kidogo kana kwamba anasubiri kitu kimjibu. Kisha akauondoa, akaufuta kwenye shuka lake, akasema, "Nimegusa kibuyu. Mwanangu bado hajafika."

Akaenda kukaa. Koinet akaanza kupigana na helmeti, huku ndewe imenasa na watu wanatazama. Ilipotoka, salamu ilikuwa imekwisha kupita. Mzee hakukasirika, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Alimpa maziwa kama mgeni. Kila Koinet alipoanza habari ya sotoka, mzee alimjibu kwa upole kwamba mambo ya ng'ombe atayazungumza na mwanawe akifika. Barafu ikaisha, dawa ikaharibika, na Koinet akarudi Karatu na boksi la maji.

"Si ungevua kabla ya kuinama, shemeji?" nilimuuliza.

"Ningevua, shemeji. Lakini nilikuwa nimeshazoea kuwa ndani."

Baada ya hapo akaitupa ile nyekundu chini ya kitanda, akawa anaendesha kichwa wazi. Haikupita muda. Kwenye mteremko wa kushukia Malanja gurudumu la mbele lilikwepa jiwe, yeye hakulikwepa, akaangukia kidevu. Taya likavunjika. Alilala hospitali akinyweshwa uji kwa mrija, yule mtu wa maneno mengi, na Leonida alikuwa akikaa pembeni ya kitanda akisuka ukili bila kuutazama. Alipotoka, kidevu kilikuwa kimehamia kushoto kidogo. Mdogo wangu si mtu wa kelele. Aliuficha ufunguo wa pikipiki kwenye pipa la unga, akasema, "Pikipiki haitoki hapa bila kofia ya kufunika kidevu."

"Na mimi," Koinet akajibu kwa lile taya lake jipya, "Arash siendi na kofia ya kufunika uso."

Nikaona kweli tumekwama. Wote wawili walikuwa na haki, na wakati wao wanatazamana, habari zilikuwa zikija na madereva kwamba sotoka inapanda kuelekea Arash.

Tulitafuta. Miaka ile hata sabuni ilikuwa kitu cha kuulizana njiani, sembuse helmeti. Koinet alikwenda Arusha kwa lori na kurudi kwa lori. Alikuta za aina mbili tu. Kulikuwa na zile za bakuli, ambazo zinakaa utosini na kuacha kidevu kijitegemee, na zile za kufunika, ndugu za ile nyekundu, ambazo moja yake ilitaka thamani ya mtamba na bado haikumtosha. Mimi mwenyewe nilijaribu kumshonea kinga ya kidevu ya turubai na ubao ndani yake. Alipoivaa, mwanawe alilia. Tukaiacha.

Kisha akaja Dita.

Nilikuwa barazani nashona sketi za shule. Wanaume kadhaa walitokea upande wa kreta wakisukuma pikipiki kubwa kama ndama wa nyati, yenye masanduku ubavuni, na nyuma yao akaja mwenye mali akitembea kwa kuchechemea, kichwa chake kimefunikwa na helmeti nyeupe, uso wote ndani. Ilikuwa imemfia njiani. Akaja hadi kwenye benchi langu, akaonyesha mkoba uliochanika mkanda, akakaa. Nikamwonea huruma. Nikamchotea maji kwenye kikombe, nikamnyooshea, nikijiuliza atayanywea wapi.

Akaweka kidole chini ya kidevu. Ikalia *kliki*. Na uso mzima wa ile helmeti, kidevu chake, kioo chake, vyote kwa pamoja, ukapanda juu hadi kwenye paji, na mle ndani akatokea mtu. Mtu mzima kabisa, mwekundu kama nyanya, mwenye ndevu, anatabasamu.

"Yesu na Maria!" Kikombe kilinidondoka. Sikukiokota. Sijui nilikaa vile kwa muda gani, mikono imenyooka mbele, maji yananilowesha miguu. Nilikuwa nimekwisha kukubali moyoni kwamba duniani kuna kofia za kufunga na kofia za kuacha wazi, kama kulivyo na usiku na mchana, na huyu mtu ananionyesha kitu ambacho ni vyote viwili. Nikamwonyesha kwa ishara arudie. Akarudia. Ukashuka, ukafunga, ukapanda. Wauza ndizi waliacha ndizi. Hata mwenye duka, Clemensi, ambaye hajawahi kushangazwa na lolote isipokuwa mteja mwenye chenji, alitoka akasimama mlangoni kutazama. Hakuna aliyecheka. Tulikuwa kama watu waliosimama kanisani wakati wa kengele.

Nikamtuma mtu mbio akamwite Koinet.

Alikuja na miguu yenye vumbi la shambani. Hakusalimia mtu, jambo ambalo si lake kabisa. Alimwendea yule mgeni, akaipokea ile helmeti kwa mikono miwili kama mtu anavyopokea mtoto mchanga, akaifungua. Akaifunga. Akaifungua tena. Kila ilipolia *kliki* macho yake yalizidi kujaa, hadi chozi likatoka na akaliacha lishuke.

"Shemeji," akaniambia, "aliyetengeneza kitu hiki alikuwa na baba."

Dita alikuwa Mjerumani aliyevuka Afrika yote kwa ile pikipiki. Kiswahili chake kilitoka kwenye kijitabu. "Pikipiki kufa," alisema. "Mimi Arusha. Pikipiki Arusha. Lori hapana." Lori lilikuwepo, ila lilikuwa la Wilibrodi, dereva wa ngano, mtu mnene na mwenye huruma ya kupimia kwa kijiko. Alisema amejaza ngano hadi juu na pikipiki ile haina pa kukaa. Koinet akamuuliza kama kondoo dume mwenye mkia mnono ana pa kukaa. Wilibrodi akaitazama ngano yake tena, akaona kuna nafasi kidogo kando ya geti la nyuma.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kondoo wa Koinet alikwenda kwa Wilibrodi, pikipiki ya Dita ikapanda lori, na Dita, ambaye alikuwa akirudi kwao kwa ndege na hakuwa na haja tena ya kofia, akamkabidhi Koinet ile nyeupe. Kabla ya kupanda lori aliuliza kwa nini bwana huyu amelia. Nikamweleza kadiri nilivyoweza, nikimwekea Clemensi kiganja kichwani kwa mfano. Dita akapekua kijitabu chake kwa muda mrefu. Hakupata neno. Akakifunga, akamshika Koinet mkono, akaondoka na pua imekuwa nyekundu kuliko uso.

Tukabaki na muujiza wetu, na muujiza haukumtosha.

Dita alikuwa na kichwa kama mtungi. Helmeti ilipokaa kwa Koinet, juu ilicheza kama mchi kwenye kinu cha jirani, na wakati huohuo pembeni ikamminya masikio, maana Dita hakuwa na ndewe za kukunja. Leonida akaishika kwa mikono miwili, akaitikisa kulia na kushoto. Helmeti iligeuka. Kichwa cha Koinet kilibaki kinaangalia mbele.

"Ufunguo unabaki kwenye unga," akasema.

Basi hiyo ikawa kazi yangu, na naisema kwa majivuno kwa sababu nayastahili. Niliichana bitana yote ya ndani, nikaitandaza mezani, nikaona jinsi ilivyokatwa. Ilikatwa vizuri. Huko kwao kuna fundi mwenzangu ambaye sitamjua kamwe, na nilipoona mishono yake midogo ikipanda kwenye kona bila kukunjika, nilimheshimu kama nilivyomheshimu mwalimu wangu wa kwanza. Nikampima Koinet kichwa. Nikamkunja ndewe, nikazipima pia. Sponji nilipewa na Wilibrodi kutoka kwenye kiti chake cha lori, na hiyo niliihesabu kama chenji ya kondoo. Flaneli ilitoka kwenye blanketi la mwanawe Koinet. Juu niliongeza unene. Pembeni nilipunguza, na mahali pa masikio nikachimba vyumba viwili, kila kimoja cha sikio na ndewe yake iliyokunjwa, na mlango wake mpana upande wa chini.

Tulijaribu, nikafumua, tukajaribu, nikafumua. Mwishowe Leonida akaishika, akaitikisa, na safari hii kichwa kikaenda nayo, ngozi ya paji ikienda nayo, kila kitu pamoja. Akaitikisa tena kwa nguvu hadi Koinet akalalamika. Kisha akaenda kwenye pipa la unga.

Kabla sijaiachia niliivaa mwenyewe. Nilifunga kidevu, *kliki*, na Karatu yote ikanyamaza. Malori yalipita bila sauti. Niliwaona watu wakisogeza midomo. Nilisikia pumzi yangu mwenyewe ikiingia na kutoka, na nikaogopa kidogo, nikaelewa alivyosema kwamba alizoea kuwa ndani.

Kwenda Arash nilikwenda nao, kwa sababu zile sketi nilizokuwa nashona zilikuwa za shule ya huko. Gari la ofisi lilibeba dawa, likiendeshwa na Patrisi, kijana wa Mbulu anayependa kucheka, nami nikakaa mbele na furushi langu. Koinet alitangulia kwa pikipiki. Tukapita geti la Loduare la kuingilia Ngorongoro, tukaingia msituni, ukungu ukatufunga hata sikukiona kioo cha pembeni cha gari. Tulipofika juu kwenye ukingo Patrisi akasimamisha gari nyuma ya pikipiki.

Lazima niseme ukweli, ingawa Patrisi alinicheka njia nzima. Nilikuwa nimeishi Karatu miaka yote hiyo, nimewashonea watu waliovuka bahari kuja kuiona kreta, na mimi sikuwahi kuiona. Nani ana siku ya kwenda kutazama shimo? Nikashuka nikiwa najifunga khanga kwa baridi. Na ukungu ukapanda. Ulipanda wote kwa mara moja, kutoka chini kwenda juu, na mbele ya miguu yangu dunia ikawa haipo. Ilikuwa kule chini, mbali, kijani na bluu, na ziwa linang'aa, na vitone vyeusi ambavyo Patrisi alisema ni nyati, na kimya kikubwa kuliko kile cha ndani ya helmeti. Nilishika bodi ya gari. Nililia, na sikujua nalilia nini. Nilihisi udogo wangu, na ulinifurahisha.

Koinet alikuwa amekaa juu ya pikipiki yake. Akaweka kidole kidevuni, akafungua uso, akaitazama kreta hivyo hivyo, uso wazi kwenye upepo.

"Hapa huwa nasalimia kwanza," akasema. Kisha akafunga, tukaendelea.

Tulishuka Malanja, tukapita mteremko uliomvunja taya, tukavuka nyika za Olduvai, tukashika kaskazini. Tulipita boma moja ambapo ngozi za ng'ombe zilikuwa zimerundikwa nje ya ua na wanawake wamekaa mavumbini. Patrisi aliacha kucheka. Sotoka ilikuwa imetutangulia hadi pale, na kutoka pale hadi kwa Mzee Tajewo ni mwendo wa asubuhi moja wa mbuzi.

Bomani waliisikia pikipiki kabla ya kuiona. Tulipofika watu walikuwa wamesimama mlangoni mwa ua, na walipoona kile kichwa cheupe kisicho na macho, wanawake waliwavuta watoto. Koinet akazima injini. Akashuka. Akaweka kidole kidevuni.

*Kliki.*

Sauti iliyotoka kwa wale watu sitaisahau. Ilikuwa pumzi moja iliyovutwa na watu wote, kisha "Aaai!" ndefu. Watoto ndio waliokuwa wa kwanza kumtambua. Wakakimbia, wakapanga vichwa mbele yake, naye akavigusa kimoja kimoja, akiwaita majina. Nilivimba kwa majivuno. Nilidhani kazi imekwisha, uso umefunguka, mtu amefika.

Mzee Tajewo akatoka. Alikuwa mrefu, mkavu, shuka lake limefungwa begani, macho yake yameanza kuingia ukungu. Akaja akasimama mbele ya Koinet, akautazama ule uso uliokaa ndani ya ile kofia kama mtu dirishani. Alisubiri. Nikaelewa kwamba nilikosea. Kwa mzee uso haukutosha. Salamu yake ilikuwa ya kichwa, na kichwa kilikuwa bado ndani.

Koinet akafungua kamba ya kidevuni. Akazishika pembe mbili za chini, akazitanua, akavuta kwenda juu. Roho yangu yote ilikuwa kwenye vile vyumba viwili. Helmeti ikatoka kwa mvuto mmoja, bila kunasa, na ndewe zake zikajikunjua zenyewe na kuanguka hadi karibu na mabega, na shanga za Leonida zikatingishika. Hakuna iliyochanika. Nimeiona kreta ikifunguka asubuhi ileile, na nasema kwamba sikushangaa kule kama nilivyoshangaa pale.

Akainama. Nywele zake zilikuwa zimelowa jasho. Mzee akanyoosha mkono, kiganja kikatua utosini, na safari hii hakikuondoka. Vidole vilikaza polepole, kama mtu anayeshika tunda kujua kama limeiva. Ng'ombe tu ndio walisikika.

Akasema kitu kwa Kimasai, kwa sauti ndogo. Patrisi, aliyeijua lugha kidogo, akaninong'oneza: "Anasema, sasa mwanangu amefika."

Mabega ya Koinet yakaanza kutikisika. Mimi sikutazama zaidi.

Baadaye mzee aliiomba ile helmeti. Akaifungua na kuifunga mwenyewe, akaguna kwa mshangao, akaingiza mkono ndani. Vidole vyake vikapapasa bitana, vikakuta chumba cha kwanza, vikakuta cha pili. Akauliza nani alizijenga nyumba hizi za masikio. Koinet akanionyesha kwa kidevu chake kilichopinda.

Akaniita. Nilikwenda nikiwa sijui la kufanya, mwanamke wa Kiiraqw katikati ya boma ambalo babu yangu angelizunguka kwa mbali. Miguu ikanifikisha mbele yake, na kichwa kikainama chenyewe. Kiganja chake kilikuwa kizito na kikavu juu ya kilemba changu. Sikuwahi kuwa mtoto wa mtu pale, na kwa muda ule nilikuwa.

Kisha akainua helmeti na kuitemea mate mle ndani, kidogo kidogo, kwa pumzi, maana hivyo ndivyo wazee wao wanavyobariki. Alitamka maneno, na kila alipotua watu wote waliitikia "Naai!", ndiyo kusema Ee Mungu. Hata Patrisi aliitikia. Alipomaliza akairudisha kwa Koinet, akageuka, akawapigia kelele vijana watoe ng'ombe.

Walichanjwa wote hadi jua lilipoegemea. Siku iliyofuata yalikuja maboma ya jirani, na iliyofuata, mengine. Sotoka ilifika Arash, ikazunguka, ikaondoka. Ng'ombe wa Mzee Tajewo walibaki.

Ile helmeti Koinet aliivaa miaka. Ilipata mkwaruzo mrefu kidevuni siku ng'ombe alipomkata njia karibu na Baray, na Leonida huupapasa mkwaruzo ule kila akiifuta vumbi. Mwaka wa themanini na nane Koinet aliniletea. Alikuwa ametoka Arash kumzika mzee. Hakuwa na utani wowote, nami sikumtania. Bitana ilikuwa imechakaa, sponji ya Wilibrodi inachungulia.

"Nishonee, shemeji," akasema. "Ila ya zamani usiitoe. Wala usiifue."

Nikamshonea mpya juu ya ile ya zamani, bila kuchana hata uzi mmoja wa ndani. Alipoivaa nikaona imekuwa ndogo, inambana utosini. Nikamwambia aivue niipunguze kidogo, ni kazi ya muda mfupi tu.

Alikuwa amefungua uso. Akatikisa kichwa.

"Iache ibane," akasema. "Mkono wake ulikuwa unakaa hivi hivi."

Akafunga kidevu, akawasha pikipiki, akashika barabara ya kreta.